Jumamosi Kipriani Alipofagia Kompyuta

Shuleni kwetu Kasulu kuna sheria moja inayoheshimiwa kuliko zote zilizopakwa rangi ukutani: kitu kisicho na mwenyewe hutupwa. Kila Jumamosi ya usafi wa jumla, kiranja wa usafi husimama mlangoni mwa bweni, huinua juu ndala, au ndoo, au soksi iliyokwisha kukata roho, na kuuliza, "Hii ya nani?" Akiuliza mara tatu bila kujibiwa, kitu kinakwenda shimoni. Nimewahi kumwona mtoto wa kidato cha kwanza akidai ndoo isiyo yake kwa kuihurumia tu.

Mwaka ule, 2013, kiranja wa usafi alikuwa Kipriani wa kidato cha nne, mtu ambaye nadhani alizaliwa akiwa amechomekea shati. Asubuhi hiyo mkuu wa shule alitangaza kwenye paredi kwamba Alhamisi tungepokea afisa wa elimu maalumu, kwa hiyo usafi uingie kila mahali, hata ndani ya vitu. Mkuu alikuwa anafikiria makabati. Kipriani alifikiria alichoambiwa.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine nane, na kati yake tatu zilikuwa hai. Zilitoka Kibondo, kwa shirika moja lililokuwa linafunga ofisi zake kule. Kijana wa shirika alizifungia mfumo wa Linux, akisema kwamba hauna virusi na hauombi leseni, kisha akaenda zake. Neno la siri aliliandika Mwalimu Stanislaus, msimamizi wa chumba hicho, kwa chaki juu ya ubao, lisije likasahaulika.

Kipriani aliingia humo na vijana wa kidato cha pili. Wakapiga deki, wakafuta madirisha, kisha akawasha mashine ya kwanza na kufungua orodha ya vifurushi vyote vya programu vilivyomo. Mimi nilitakiwa niwe nafyeka nyuma ya jiko, lakini miguu yangu haijawahi kukaa mahali ilipopangiwa. Nilisimama dirishani nikamwona akiwa wima mbele ya skrini kama anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Libportaudio," alisoma. "Ya nani?"

Vijana wakatazamana.

"Libportaudio, ya nani, mara ya pili."

Mmoja akakohoa. Kipriani akamtazama kwa matumaini, lakini kilikuwa kikohozi tu.

"Mara ya tatu." Akabonyeza.

"Kiranja," nikamwambia, "hizo si ndala."

"Shamsi, ina mwenyewe au haina?"

"Sijui, lakini mashine hiyo..."

"Basi haina. Na wewe kafyeke."

Nilivyosimuliwa baadaye, mashine ilimwonya kwamba akiondoa kile kifurushi, vingine kadhaa vitaondoka nacho. Kipriani aliona ni ukarimu. Akakuta pia folda kubwa ambamo yule kijana wa shirika alihifadhi vifurushi vyote vya akiba, akauliza mara tatu, akaifuta. Halafu akaenda mashine ya pili na ya tatu, kwa sababu ni mtu wa haki.

*

Jioni Ildefonsi alikaa mbele ya mashine yake, ile ya mwisho karibu na dirisha, akapapasa kibodi na kubonyeza kama alivyozoea. Spika haikutoa neno. Akabonyeza tena.

Ildefonsi ni jirani yangu wa dawati. Kwao ni Gwarama, Kakonko. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, ikamwachia ulimi, na mimi nimeishi na huo ulimi tangu kidato cha kwanza. Mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa namsomea vitabu na kuwasomea walimu majibu yake ya nukta nundu, na nikisoma huwa naongeza chumvi. Niliposoma kwamba ameandika kwenye mtihani wa jiografia kuwa wakazi wa Kibondo huvua papa, aliomba atafutiwe mashine. Ndipo Mwalimu Stanislaus akagundua kwamba kompyuta zile zina programu inayosoma kwa sauti chochote kilichoko kwenye skrini, tena kwa Kiswahili. Ilisoma kama padri mgeni mwenye mafua, lakini haikuongeza papa. Akajifunza kuchapa, na kwa muhula mzima alikuwa anasoma na kuandika bila mimi.

"Shamsi," akasema, uso ukiwa kwenye skrini. "Umefanya nini?"

"Mimi?"

"Hakuna mwingine wa kuuliza."

"Safari hii ni Kipriani."

"Kipriani hawezi kufanya ubaya. Hana muda."

"Hakufanya ubaya. Amefanya usafi."

Nilimsimulia. Miguu yangu ikaanza kucheza chini ya meza.

Sote tulijua kwa nini afisa anakuja. Kakonko imekuwa wilaya juzi tu, na wilaya mpya ilikuwa inawatafuta watoto wake wenye ulemavu popote walipo, iamue wasome wapi. Ildefonsi akionyesha kwamba anaweza kusoma na kuandika mwenyewe, anabaki. Asipoweza, anahamishiwa shule maalumu ya mbali, ambako nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kidato cha kwanza. Sisi tulikuwa kidato cha tatu.

"Nitakuwa nanyoa ndevu nikiwa kidato cha kwanza," akasema. "Watanipa ukiranja kwa heshima ya umri."

Tulimwita Mwalimu Stanislaus. Aliangalia mashine zote tatu, akashika kichwa, kisha akakumbuka CD ya mfumo. Ilikuwa inaning'inia kwenye shamba lake la mtama, ikifukuza ndege. Alinituma nikaitungue. Ilikuwa imechubuka na kupauka. Ndege bado walikuwa wanaiogopa, lakini kompyuta haikuitambua.

"Itabidi tuvitoe mtandaoni," akasema Mwalimu. Shule haikuwa na mtandao. Yeye alikuwa mwalimu wa zamu wiki nzima, na mwalimu wa zamu havuki geti. Tena hakutaka mkuu ajue, kwa sababu ya lile neno la siri lililoandikwa kwa chaki.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Wewe huruhusiwi hata chooni bila shahidi. Na mkuu amefunga ruhusa zote mpaka mgeni aje. Wanatoka wagonjwa tu."

Akanitazama. Nikamtazama. Sijui ni nani aliyeanza kuumwa jino, lakini lilikuwa langu.

*

Matroni wetu anaitwa mama Asia. Ndiye anayetoa vibali vya wagonjwa, na anawaangalia wagonjwa kama mnunuzi anavyoangalia maharage, akitafuta wadudu.

"Jino lipi?"

"La nyuma, mama."

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto."

Akaniruhusu. Nilipita zahanati kwa mbali, nikilishika shavu kwa adabu, nikaenda mjini kwa mzee Hilali. Mzee Hilali ni mtu wa Tanga aliyekuja Kasulu kuuza vitenge akaishia kuuza mtandao. Ana kompyuta chache, mashine ya kutolea kopi, na subira isiyo na mwisho.

"Mwanangu, mtandao wa leo una homa," akaniambia. "Utaniwia radhi."

Nilimtajia programu ya kusoma skrini. Tukaitafuta, ikaanza kushuka. Nilisimama, nikakaa, nikatoka nje nikahesabu pikipiki, nikarudi. Mzee Hilali alikuwa anakunywa kahawa huku anaitazama kama mtu anayetazama chungu kisichochemka. Mwishowe ikaingia kwenye flashi, nikakimbia mpaka shuleni.

Mashine iliisoma, ikakataa. Niliusoma ujumbe kwa sauti: kifurushi hiki kinategemea kifurushi kingine, ambacho hakipo.

"Kinaitwaje?" akauliza Ildefonsi.

"Speech-dispatcher."

"Hicho umeleta?"

"Sikujua kama kinahitajika."

"Umemleta bwana harusi bila mshenga," akasema. "Rudi ukamlete mshenga."

Kesho yake niliumwa macho. Nilileta mshenga. Mashine ikasema mshenga anategemea libespeak, na libespeak anategemea libportaudio na data zake za sauti, na libportaudio anategemea mwingine anayeitwa libjack. Nilipiga meza. Ildefonsi aliniambia niache kupiga meza, nisome tena, polepole. Akainamisha kichwa na kuyapanga majina kichwani, kila mmoja na anayemtegemea, kama bibi wa Kiha anavyokutajia ukoo wake: huyu mtoto wa fulani, fulani alizaliwa kwa fulani, na yule wa mwisho kabisa hana baba, ndiye anayeanza.

"Libjack ndiye mkubwa wao," akasema. "Na zile data za sauti. Bila hao, wote waliobaki wamekaa hewani. Umeelewa?"

"Nimeelewa kwamba nahitaji ugonjwa mwingine."

Na hapo lazima niseme neno juu ya magonjwa, kwa sababu yalikuwa yameanza kufanana na vifurushi. Jino lilihitaji zahanati. Zahanati ilihitaji daktari. Daktari, niliyemtunga njiani, alihitaji kuwa ameniona macho, na macho yalihitaji dawa ya matone, na chupa ya matone niliazima kwa mpishi. Usiku nililala nikiyakariri yote, ili kusiwe na uongo unaosimama peke yake bila wa kuushikilia. Jumanne niliamua kuumwa sikio, ambalo kwa hesabu yangu lilikuwa jirani wa jino.

Nilirudi na kila kitu Ildefonsi alichonitajia. Tukaanza na libjack, kisha data za sauti, kisha libportaudio. Ikakubali. Tukafika libespeak, na mashine ikakataa tena: hiki ni cha toleo jipya, kinataka maktaba ya msingi ya mfumo ya toleo jipya, na mashine yetu ina ya zamani.

"Sasa?" nikamuuliza Ildefonsi.

"Ukimbadilisha huyo wa msingi, kila anayemtegemea atataka mpya." Akasukuma kibodi mbele. "Utaleta kompyuta nyingine nzima, kipande kipande, kwa meno na masikio. Mpaka Alhamisi utakuwa umekufa."

Mwalimu Stanislaus aliving'oa vile vipya vilivyokwisha kuingia, visije vikachanganyika. Kisha akakaa juu ya dawati akizungusha ile CD kidoleni. Nilitembea chumbani toka ukuta hadi ukuta. Vifurushi vya toleo la zamani, vilevile kama vya yule kijana, tungevipata wapi? Alizifungia mashine zote zile kwa kutumia folda moja, alituambia mwenyewe. Zote zilitoka Kibondo.

Nikasimama.

"Ya dukani kwetu," nikasema.

Baba yangu ana duka la vitambaa Kibondo, na shirika lile lilipofunga ofisi, moja ya kompyuta zake ilibaki dukani kwetu. Inapiga kaswida kwa ajili ya wateja, na dada yangu Mwanaheri anachezea karata. Hakuna mtu aliyewahi kuifanyia usafi.

*

Simu ni marufuku kwa wanafunzi. Mwalimu alikuwa ameitwa kikaoni. Nikaenda kwa mama Asia na maneno yangu yamepangwa: bibi yangu amezidiwa Kibondo, naomba kupiga simu.

Mama Asia aliweka kikombe chake chini.

"Jumapili ulishika shavu la kushoto," akasema. "Ulivyorudi umeshika la kulia. Jana macho, na chupa ya matone ilikuwa ya mpishi, ina jina lake. Leo sikio. Daktari uliyenitajia ni mwanaume. Zahanati ile ina daktari mmoja, naye ni mwanamke, anaimba kwaya na mimi. Sasa ni bibi. Endelea tu, mwanangu. Nina nafasi."

Niling'oa kifurushi kimoja, cha bibi, na vyote vikaondoka nacho. Nikamwambia ukweli, toka ndala za Kipriani hadi kaswida za baba. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kamlete Ildefonsi."

Nikamleta. Mama Asia akamuuliza, "Huyu anasema kweli?"

Ildefonsi akafikiri. "Leo, ego," akasema, yaani ndiyo, kwa Kiha chake.

Mama Asia akatoa simu kwenye kanga na kuiweka juu ya meza, sauti nje, ili asikie na yeye.

"Dada, ni Shamsi."

"Umefukuzwa," akasema Mwanaheri.

"Hapana."

"Basi unaumwa."

"Nimepona."

"Hujafukuzwa, huumwi. Unataka hela."

"Nataka folda. Washa kompyuta ya dukani."

"Kuna mteja."

"Kompyuta ina mteja?"

"Mimi nina mteja, mjinga wewe. Subiri."

Tulisubiri. Tukamsikia akipima kitambaa, akibishana juu ya upana wake, akicheka. Mimi nilikuwa nazunguka meza ya mama Asia mpaka akaninyooshea kidole nikakaa. Mwanaheri aliporudi nilimwelekeza: fungua hapa, kisha hapa, utaona majina mengi. Akasema anayaona, ni mengi kama dagaa.

Ildefonsi akasogeza mdomo kwenye simu, akamsalimu kwa Kiha. "Dada, mwakeye. Naomba unisomee yanayoanza na lib, polepole."

"Nani huyo?"

"Ildefonsi wa Gwarama."

"Una adabu. Unakaaje na huyu mdogo wangu?"

"Walinipangia."

Alimsomea. Ildefonsi alikuwa anaitikia kila jina, "Ego, yupo," "Ego, endelea," na mara moja akakataa, "Oya, huyo si wetu, mruke." Libjack alikuwepo. Data za sauti zilikuwepo. Wote walikuwepo, wa umri mmoja, wa toleo letu.

"Nitume vipi?" akauliza Mwanaheri.

"Folda nzima kwenye flashi. Mpe konda wa basi la Kasulu la kesho."

"Kesho basi la kwetu halipo, limeharibika. Ni keshokutwa."

Keshokutwa ilikuwa Alhamisi. Mama Asia ndiye aliyeinamia simu.

"Binti, mimi ni matroni wake. Mpe konda huyo namba yangu, na umwambie asishushe mzigo huo kwa mtu mwingine."

*

Alhamisi gari la wilaya ya Kakonko lilifika kabla ya basi. Alishuka mama mmoja mrefu, bi Kuruthumu, ndiye afisa mwenyewe, na dereva wake akabaki kwenye kivuli cha jengo. Mkuu alimchukua kwenda kunywa chai, na kwa mara ya kwanza niliona chai inaweza kuwa ya haraka mno. Nilikuwa nachungulia dirishani mwa ofisi nikiombea maandazi yawe mengi.

Mama Asia akanijia upesi. Konda amepiga: basi limeshafika stendi, ana soksi yenye flashi, anaondoka sasa hivi. Yeye mwenyewe alikuwa ameitwa kuhudumia wageni, na mkuu alikuwa amemsimamisha mlinzi getini na amri kwamba hatoki hata paka.

"Iko wapi hiyo flashi?"

Tuligeuka. Alikuwa Kipriani, na fagio lake. Sijui alisimama hapo muda gani. Tangu Jumamosi hakuna aliyemwambia chochote, lakini mtu anayekagua mabweni husikia mambo.

"Stendi," nikasema. "Kwa konda."

Kipriani akaegemeza fagio ukutani, akalinyoosha lisianguke, kisha akaelekea nyuma ya bweni la wavulana. Alijua matundu yote ya uzio wetu, maana ndiye aliyeyaripoti. Tulimwona akiinama, mguu mmoja ukabaki ndani kwa muda, kama unasita, halafu nao ukaondoka.

Mimi nilikwenda chumba cha kompyuta kumwambia Ildefonsi. Alikuwa amekaa mahali pake, mikono juu ya magoti, shati jipya.

"Kipriani ametoroka," nikamwambia.

"Usinichekeshe leo."

"Wallahi."

Akageuza uso upande wangu. "Akikamatwa anavuliwa ukiranja."

"Anajua."

Alirudi akiwa amechanwa na miiba mkononi na shati limetoka nje ya suruali, jambo ambalo kwa kweli lilinitisha kuliko miiba. Alinipa soksi kwa mikono miwili.

"Naomba uniandike kwenye watoro," akasema.

"Baadaye, kiranja."

Nilichomeka flashi. Nje nilisikia sauti ya mkuu ikimwelekeza mgeni, "Huku, mama, huku, angalia ngazi." Nikaingiza amri ya kufunga programu yenyewe ya kusoma skrini.

"Umeanza na nani?" akauliza Ildefonsi.

"Na yenyewe. Tunaihitaji yenyewe."

"Anza chini, Shamsi. Anza na libjack."

"Hakuna muda wa..."

Mashine ikakataa, kwa mistari mirefu. Mlango ukafunguliwa.

"Huyu ndiye kijana wetu," akasema mkuu kwa sauti ya mahafali.

Bi Kuruthumu alitutazama, Ildefonsi kwenye kiti, mimi na Kipriani tumeinama juu yake, mmoja anavuja damu kiwiko. "Na hawa?"

"Wanamsaidia, mama."

"Ndicho nilichokuja kuangalia. Watoke, tafadhali."

*

Tulitoka. Mwalimu Stanislaus alikuwa nje, akikagua kwa makini bomba la maji ya mvua ambalo halikuwa na tatizo. Nikapanda juu ya matofali chini ya dirisha, nikaona skrini, na mgongo wa Ildefonsi, na bi Kuruthumu amekaa pembeni akiwa na kalamu.

"Nitakutajia maneno, uyaandike, halafu unisomee," akasema. "Uko tayari?"

"Bado kidogo, mama. Mashine haijaamka."

Akaweka vidole kwenye kibodi. Spika ilikuwa kimya. Alikuwa anachapa gizani mara mbili, bila kuona na bila kusikia. Nilimwona akifungua dirisha la amri. Lilifunguka. Yeye hakujua kama limefunguka. Alichapa tu kana kwamba limefunguka. Neno la siri. Jina la folda. Kisha l, i, b, j, na kubonyeza mashine imalizie jina.

Libjack akaingia. Mimi niliona. Yeye alihesabu kwa midomo mpaka akaona muda wake umetosha, akaenda kwa anayefuata.

"Anafanya nini?" akanong'ona Kipriani chini yangu.

"Anafunga. Toka chini."

"Amefika wapi?"

"Data za sauti. Nyamaza."

Ndani, mkuu alikohoa. "Labda, mama, tungeangalia kwanza maabara."

"Nasubiri," akasema bi Kuruthumu.

Kwa libportaudio vidole viliteleza. Nikaona kosa kwenye skrini, jina limeandikwa vibaya, mashine imelikataa, na yeye hajui; ataendelea kwa mwingine, na wote watakaofuata watakaa hewani. Nilifungua mdomo. Mwalimu Stanislaus akanishika suruali kwa nguvu. Nikisema, Ildefonsi amesaidiwa, na yote yanaishia hapo.

Ildefonsi alikuwa amesimamisha mikono. Akainamisha kichwa, kama alivyofanya tulipokuwa tunapanga ule ukoo. Kisha akasugua kidole cha shahada kwenye suruali na kuchapa libportaudio upya, yote, herufi kwa herufi. Aliniambia baadaye kwamba kidole ndicho kilichomwambia. Kiligusa ukingo wa kitufe.

Ikaingia. Kisha libespeak. Kisha mshenga. Kisha yenyewe. Akaita programu kwa jina lake, akaondoa mikono kwenye kibodi, akangoja.

Nilisikia nzi wa chumbani.

Halafu padri mwenye mafua akatamka, kwa sauti kubwa iliyomfanya mkuu aruke, kwamba skrini ni tupu.

"Niko tayari, mama," akasema Ildefonsi.

Bi Kuruthumu alimtajia aya nzima kutoka kitabu cha uraia, makusudi, yenye maneno marefu. Ildefonsi akaandika. Akairudisha kwa sauti ya mashine, akagundua kosa moja, akalisahihisha. Bi Kuruthumu akasogea kuitazama skrini, akasoma neno kwa neno, kisha akavua miwani.

"Nani aliyekufungia hii?"

"Mimi, sasa hivi."

"Na vilivyomo, vimetoka wapi?"

Mkuu akafumba macho. Ildefonsi angeweza kudanganya; mimi ningedanganya vizuri kabisa.

"Vilikuwa Kibondo, kwa dada wa rafiki yangu. Konda amevileta, mwenzetu amevifuata stendi, rafiki yangu amevichomeka. Mpangilio ni wangu."

"Kwa hiyo peke yako usingeweza."

"Wewe, mama, umekuja na dereva."

Kipriani chini yangu alisema jina la mama wa Yesu. Bi Kuruthumu hakucheka.

"Dereva wangu hajui barabara za Kasulu," akasema. "Mimi ndiye ninayemwelekeza."

"Na huyo rafiki yangu ni hivyohivyo."

Akavaa miwani, akamgeukia mkuu. Nilishikilia nondo za dirisha mpaka viganja vikauma. "Huyu atamalizia hapa," akasema. "Nitaandika hivyo. Na mashine hii isiguswe na mtu kabla hajaulizwa yeye."

Niliruka kutoka kwenye matofali na kumwangukia kiranja wa usafi.

*

Gari lilipoondoka, mambo yalikwenda upesi. Mkuu aliuliza nani alitoka nje ya uzio. Kipriani akajitaja kabla swali halijaisha, akavuliwa ukiranja papo hapo. Nilisubiri aonekane ameumia. Alionekana kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Mama Asia naye akanipa adhabu moja kwa kila ugonjwa: visiki vya jino, visiki vya macho, visiki vya sikio, na kimoja kikubwa cha mkaratusi kwa ajili ya bibi.

Kabla sijaenda kuchukua sururu nilipita chumba cha kompyuta. Nilikuwa na hotuba fupi kichwani, yenye heshima, inayoanza na neno "ndugu". Ildefonsi alikuwa peke yake, amefungua kitabu cha biolojia kwenye skrini. Alikuwa anaiongezea mashine kasi. Padri alianza kutembea, akakimbia, mafua yakapotea, maneno yakashikana, mpaka ikawa mlio mmoja mwembamba kama wa nyigu kwenye kopo, ambao hakuna binadamu shuleni petu angeweza kuelewa isipokuwa yeye. Alikuwa anatikisa kichwa, anaelewa. Akachapa kitu kwa haraka, mashine ikakitamka kwa ule mlio, akatabasamu.

"Imesema nini?" nikamuuliza.

"Figo," akasema. "Nenda kang'oe visiki."

Nilisimama mlangoni nikisikiliza kwa bidii, na sikuweza kujua kama ananisomea biolojia au ananitukana.